Deni la Baba na Shingo Yangu

Kosa langu la kwanza baada ya baba kufa lilikuwa kusema maneno mazuri kupita kiasi. Niliyasema makaburini, mbele ya watu wote wa Kiswere, na nusura yamfunge mdogo wangu wa kike.

Kwetu, kabla maiti hajateremshwa kaburini, mtoto mkubwa wa kiume husimama akasema: anayemdai marehemu na aje kwetu nyumbani, na aliyekosewa naye tunamwomba amsamehe. Basi. Wengine husema huku wanalia, hata nusu ya maneno haisikiki, na hakuna anayewalaumu. Mimi nilitaka yangu yasikike. Baba alipokuwa anaoshwa uani, nilikuwa nyuma ya nyumba nikiyarudia, nikiondoa neno hili na kuweka lile. Nakiri kwamba sikulia. Nilijifunza kusoma na kuandika peke yangu, bila chuo cha Kurani wala shule ya Wadachi, na siku zote niliogopa watu wasije wakaniona mjinga. Kwa hiyo nilipofika mwisho wa maneno ya desturi nikaongeza la kwangu: "Na deni lake lote, dogo na kubwa, liko shingoni mwangu mimi."

Watu waliguna kwa kuridhika. Baba yangu alikuwa amelala ndani ya sanda, nami nilifurahi.

Deni lenyewe sikulijua. Baba alikuwa mchuuzi wa mpira wa porini. Alikopa nguo na chumvi kwa Mhindi mwenye duka Kilwa, akawapelekea watu wa bara, nao wakamlipa kwa mpira baada ya mvua. Kisha ikaja vita ya maji, watu walipopigana na utawala wa Wadachi. Vijiji alivyovikopesha vilichomwa, maghala pia, na waliosalimika wakaingia porini kuchimba mizizi wapate kula. Vita ilipotulia baba alikwenda kuwatafuta wadaiwa wake. Alirudi na homa, na mizani yake ikiwa tupu begani. Waliokuwa wakidaiwa naye walikuwa wamekufa au hawana hata kitambaa cha kujisitiri, angemdai nani? Waliokuwa wakimdai yeye walikuwa wazima wote.

Matanga yalipoondolewa tu, walianza kuja. Mshona kofia alikuja kwa haya, akadai kidogo. Kutoka Kilwa mwenye duka akaleta salamu za rambirambi, na nyuma ya salamu dai lake. Wa mwisho alikuwa jirani yetu mwenye mashua, aliyekuwa akimchukulia baba mizigo na kumkopesha rupia za kodi. Nilijumlisha madai yote. Kisha nikavithaminisha alivyoacha baba: nyumba, minazi ya nyuma, mizani, kitanda. Nikavithaminisha tena, nikidhani nimekosea. Vyote havikufika nusu.

"Shikamoo, baba," nilimwambia mwenye mashua aliporudi mara ya pili.

"Marahaba. Mwanangu, mimi si mtu wa kwenda kwa akida wa Wadachi. Kwa akida kuna viboko, na wewe mgongo wako ni wa mshika kalamu. Ila ulisema mwenyewe liko shingoni mwako."

"Nilisema."

"Basi tusaidiane. Mdogo wako na akae kwangu, amsaidie mke wangu. Deni likiisha, atarudi."

Kila mtu alijua maana yake. Mtoto anayewekwa rehani kwa deni lisilolipika hukulia huko, huolewa kwa amri ya huko, na chakula anacholishwa kinaongezwa kwenye deni. Ningeweza kukataa. Lakini neno nilikuwa nimelitoa mbele ya kaburi, na mimi nilikuwa mtu wa kuogopa neno langu kuonekana na dosari kuliko kitu chochote. Nilimjibu, "Baada ya arobaini." Mama nilipomwambia alikwenda kumsuka mdogo wangu nywele, akazisuka kwa kuzikaza sana, na mtoto akalalamika kwamba anaumia.

Siku ya arobaini wadai wote walihudhuria, hata mwenye duka, aliyekuja na kofia yake nyeusi akakaa karibu na mlango. Mwalimu wa msikiti aliongoza khitma. Alikuwa mtu wa kukasirika haraka, aliyesoma Kilwa miaka mingi, na siku hiyo jino lilimuuma, kwa hiyo tulisoma mbiombio. Sahani za wali zilipoletwa akasimama mtani wa baba, Mmwera kutoka Milola. Mtani msibani hazuiwi. Aliniendea, akanishika shingo kwa vidole viwili kama mtu anayechagua kuku.

"Jamani, hii ndiyo shingo iliyobeba deni lote? Mbona nyembamba! Marehemu angejua, angekopa kidogo."

Watu walicheka. Akamgeukia mwenye mashua. "Na wewe mjanja. Umeona shingo ya kaka haina nyama, umechagua ya dada!"

Kicheko kilikatika. Mwalimu akaweka tonge chini.

"Dada gani?" aliuliza, mkono shavuni.

Ikabidi nijibu mimi. Nilimweleza yote. Nilitegemea anikaripie kwa kuchelewa kutimiza ahadi.

"Kijana alisema makaburini," mwenye mashua alisema. "Hata wewe ulikuwepo, mwalimu."

"Nilikuwepo. Nilidhani anahutubia Ijumaa." Akanitazama. "Wewe, siku ile uliambiwa deni ni kiasi gani?"

"Hapana."

"Uliwajua wanaodai ni akina nani?"

"Mwenye duka tu. Na dai lake sikulijua."

"Basi ulidhamini nini? Kwa mafunzo tuliyoyashika sisi, mtu hadhamini asichokijua kiasi chake. Dhamana hiyo haikufunga. Ulipiga kelele makaburini, na hilo halipendezi, usirudie."

Sikuelewa mara moja. Nilimwomba aseme tena, akasema tena kwa hasira, kwa sababu ya jino.

"Kwa hiyo mali yangu imepotea?" aliuliza mwenye mashua.

"Iko pale ilipokuwa, katika alivyoacha marehemu. Kwanza gharama za maziko, halafu wadai, halafu warithi. Hapa warithi hawapati kitu. Vitauzwa, kila mdai apate kwa kadiri ya dai lake."

"Na binti?"

"Binti si kitu alichoacha marehemu. Ni mtu."

"Haya kula, mwenye mashua," mtani alisema, "wali huu haujauzwa bado."

Mwenye duka ndiye aliyenishangaza. Yeye ndiye niliyekuwa nikimwogopa zaidi, maana dai lake lilishinda madai ya wengine wote. "Huko bara nimepoteza kwa watu wengi," alisema. "Huyu aliacha nyumba. Nitachukua fungu langu, yaishe."

Tuliuza vyote. Nyumba aliinunua mvuvi mmoja wa mtaa wa pili, na mizani ikarudi Kilwa na mwenye duka. Mwalimu alimwomba kila mmoja amsamehe marehemu kilichobaki. Mshona kofia alisamehe kabla hajamaliza kuombwa. Mwenye mashua alichorachora mchangani kwa kidole cha mguu, kisha akasema, "Nimemsamehe. Alikuwa rafiki yangu. Lakini huyu kijana asihutubie tena."

Siku tuliyotoka ndani ya nyumba nilidhani mama atalia. Alibeba chungu na mkeka, akatazama paa la makuti, akasema, "Lingevuja masika hii. Na livuje kwa mwingine." Mdogo wangu alicheka, nami nikajikuta nacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Njia nzima ya kwenda Kiranjeranje kwa mjomba nilikuwa mwepesi, ingawa kichwani nilikuwa na mzigo.

"Ungeniuliza mimi," mama alisema tulipopumzika, "ningekwambia useme kama wenzio."

"Nilitaka yawe mazuri, mama."

"Yalikuwa mazuri. Hayo ndiyo matata yake."

Sasa tunalima kwa mjomba. Mama ana chumba chake na kuku. Mdogo wangu yuko nyumbani, na wanaotaka kumwoa wanakuja kwa mjomba kwa heshima. Mimi naandikia watu barua kwa malipo kidogo, sidaiwi na mtu, na nikiombwa kuahidi jambo huuliza kwanza ni kiasi gani.