Kamera ya Kumwonesha Mama Zohali

Nilinunua kamera ile kwa sababu mama yangu hawezi kuinama. Darubini nilikuwa nayo zamani. Jioni nikirudi kazini naiweka uani kwetu Mabela, hapa Maskati, nautazama mwezi kidogo, roho inatulia, kisha naingia jikoni. Kazi yangu ni ya maabara hospitalini, kutwa jicho liko kwenye hadubini, na mume wangu husema mimi ni mtu wa vitundu, nikitoka kwenye kimoja naingia kingine. Mama alipohamia kwetu, baada ya kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, nilimwita mara kadhaa aje atazame. Anakuja ameushika mgongo, anasogeza uso, anafumba jicho lile lile analotakiwa kulifumbua, halafu anasema, "Mie nnaona kope zangu tu."

Ningeliacha hapo, lakini sayari ya Zohali kwake ilikuwa na kisa. Alipokuwa msichana Unguja aliposwa na watu wa mtaa wa pili. Kabla ya kupanga harusi, wazee wa mvulana wakaenda kwa mtu wa falaki. Yule bwana akahesabu jina la mama yangu na la bibi yangu, akawaambia nyota ya binti huyu ni Zohali, nuhusi tupu, wasithubutu. Wakajitoa. Baadaye mama akaolewa na baba yangu, wakaja Maskati, wakaishi vizuri mpaka baba alipofariki, na kisa kile alikuwa akikisimulia kwa kucheka. Lakini siku niliyomwonesha Zohali kwa kidole, nukta ya manjano juu ya ukuta wa jirani, hakucheka. Aliitazama muda mrefu.

"Nnataka kumwona uso kwa uso," alisema. "Nimjue aliyenivunjia posa."

Nikaagiza kamera. Maelezo yake yalisema ni kamera ya rangi, ya kupigia picha sayari na kuongozea darubini. Niliposoma "kuongozea" nikafurahi, nikadhani kamera itaishika Zohali yenyewe, mimi nikae na mama tunywe kahawa huku tukitazama kwenye kompyuta. Ilipofika haikuwa kubwa kuliko finjani. Unatoa kile kioo cha kutazamia, unaichomeka kamera mahali pake, unaunga waya kwenye kompyuta. Kumbe kuongoza ni kazi ya wawili. Kamera inaona nyota imehama, inaiambia mota, na mota ndiyo inayoisogeza darubini. Darubini yangu haikuwa na mota. Ilikuwa na mkono wa mume wangu.

Jioni ya kwanza picha ilitoka ya kijani. Si kijani cha mbali, kijani kibichi kama kisamvu. Nilibonyeza kila palipobonyezeka. Mume wangu akaja, akatazama, akasema, "Zohali imeota ukoga." Nikamwomba aende ndani. Ilinichukua siku kadhaa za kusoma na kutukana kimoyomoyo kujua kwamba kamera za rangi hupanga nukta zake za nyekundu, kijani na buluu kwa mpangilio maalumu, na kwamba lazima uiambie programu ni mpangilio upi. Mimi niliuchagua mwingine. Kitu cha kubonyeza mara moja tu.

Rangi ilipokaa sawa, Zohali haikukaa. Jicho la kamera ile ni dogo, linachukua kipande cha mbingu kidogo mno. Ukiipata sayari, inaingia upande mmoja wa kioo cha kompyuta na kutokea upande wa pili kabla hujakohoa. Basi mimi nikawa kwenye kompyuta, mume wangu kwenye darubini.

"Kushoto!"

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto kwa Zohali!"

"Mimi nitajuaje kushoto kwa Zohali?"

Na picha yenyewe imegeuka, akisukuma huku inakwenda kule. Tumeoana miaka mingi, tumejenga nyumba pamoja na mafundi wote wale, hatujawahi kupigiana kelele kama tulivyopigiana uani jioni zile.

Halafu ikawa inachemka. Nasema kuchemka kwa maana hakuna neno jingine, sayari ilikuwa inatetemeka na kufura kama kiini cha yai kwenye maji ya moto. Nilidhani kamera ni mbovu, nikawa tayari kuirudisha. Kisha nikageuka nikaziona mashine za viyoyozi, zimejipanga ukutani, zinapuliza hewa ya moto juu, na Zohali iko juu yake pale pale. Nikamwambia mume wangu azime viyoyozi vyote.

"Mwezi wa kumi? Maskati?"

"Kwa muda mdogo tu."

"Na mama?"

"Mama yuko nje na sisi."

"Basi umetutoa sote nje kwa ajili ya nukta," alisema. Lakini alikwenda kuzima.

Baya kuliko yote nililijua nimeshachelewa. Nilikwishamwahidi mama pete. Nilimwambia Zohali ina pete nzuri, hakuna sayari inayoishinda kwa urembo, na yeye akalisubiri jambo hilo kama mtu anayesubiri kufunguliwa kasha la dhahabu la mwenzake. Kumbe kila baada ya miaka mingi pete zile hutugeukia ubavu, na ni nyembamba hata zinakaribia kupotea machoni. Mwaka niliochagua mimi kununua kamera ndio mwaka wenyewe. Nilitamani kulia.

Hata hivyo, jioni moja baada ya magharibi hewa ilitulia. Tukamweka mama kwenye kiti, kanga mabegani, kompyuta juu ya stuli mbele yake. Mume wangu akasukuma, mimi nikarekebisha, na Zohali ikaja: kiduara cha rangi ya samli, kingo zake zinaonekana wazi, na mstari mwembamba umekipita katikati.

Mama akasogeza miwani. "Ndo hii?"

"Ndiyo, mama."

"Pete ziko wapi?"

"Huo mstari. Mwaka huu zimetugeukia ubavu."

"Mwaka huu?" Akanigeukia. "Basi kwa nini umenunua mwaka huu?"

Mume wangu aliangalia pembeni. Nilijua anacheka.

Mama akaitazama tena picha, kisha akasema kwa sauti ya mtu asiyetaka kudanganywa, "Na hii si umeitoa kwenye simu?"

Niliona damu imenipanda kichwani. Wiki zote zile! Nikamweleza kuhusu kamera, kuhusu waya, nikaugusa waya kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuridhika. Alinyanyuka taratibu, akaenda kwenye darubini, akaufunika mdomo wa darubini kwa kanga. Kompyuta ikawa giza.

"Umeona?" nikasema. "Umeifunika. Sasa funua."

Akafunua. Giza lile lile, kwa sababu muda huo wote Zohali ilikuwa imeshakwenda zake.

"Basi picha imekwisha," mama akasema, na kurudi kukaa.

Mume wangu, Mungu amweke, alianza kuitafuta upya polepole bila kunilaumu. Ikarudi. Safari hii nikamwambia asiiguse darubini, kwa maana nilikuwa nimechoka na sikutaka kupiga kelele tena. Zohali ikaanza kuteleza kwenye kioo, mama akiitazama.

"Mbona inakwenda?"

"Si yenyewe inayokwenda, mama. Ni sisi. Dunia inazunguka na darubini imesimama juu yake."

"Na mie nnazunguka nayo, hapa nilipokaa?"

"Sote."

Akangoja mpaka ilipotoka kabisa kiooni. "Picha ya simu haiendi hivi," alisema mwishowe. Akamwambia mume wangu, "Irudishe, mwanangu."

Akairudisha. Ikapita. Akamwambia tena airudishe. Sikumbuki ilipita mara ngapi, ila nakumbuka mama alivyoinamisha kichwa upande mmoja, anaisindikiza kwa macho kila inapotoka.

"Kijidude chenyewe hiki," alisema. "Wallahi mtu mzima, ana ndevu zake na kilemba chake, akakaa kitako akasema hiki kinanijua jina."

Alicheka, lakini alifuta macho kwa ncha ya kanga. Nikaenda kukaa chini karibu na kiti chake, akaniwekea mkono kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu kamera ile iingie nyumbani sikuwa na hasira na kitu chochote. Hali hiyo ikadumu mpaka mume wangu alipouliza, "Umerekodi?"

Sikurekodi.

Ijumaa iliyofuata walikuja shangazi zangu wawili kula chakula cha mchana. Mama hakungoja hata sinia liwekwe. Aliwaambia amemwona Zohali, ni mdogo, rangi ya samli, amefunga kamba kiunoni na anakimbia mbio.

"Mama, si yeye anayekimbia," nikasema.

"Wee nyamaza. Mie nimekaa nikamtazama."

Shangazi mkubwa akataka kuona picha. Nilikuwa nazo zile za kijani za jioni ya kwanza tu, nikampa simu. Akaiweka mbali na macho, akaileta karibu, akampa mwenzake.

"Mbona kama ndimu?" akauliza mwenzake.

"Siyo hiyo!" mama alimaka. "Hiyo aliipiga huyu, hajui bado."

Nikaenda jikoni kuleta pilipili.