Nyundo ya Kibanda cha Hagsätra

Nilipopata kishamba cha kukodi karibu na Hagsätra, mtaa wa pembezoni mwa jiji, nilikabidhiwa pia kibanda cha mbao ambacho sakafu yake ilikuwa imeoza. Nyumbani nilikuwa na nyundo moja, ya bei ya kutupa. Siku ya kwanza nilipojaribu kung'oa misumari, kichwa kilichomoka kwenye mpini, kikapita karibu na sikio langu na kuvunja kioo cha dirisha. Nikakaa kwenye nyasi mpaka moyo ukatulia.

Mwenye kishamba cha jirani, mzee kutoka Bukavu, aliacha mchicha wake akaja. Nilimwita papa, yaani baba, kama wanavyoitana watu wa kwao. Aliokota kile kichwa, akachungulia tundu lake.

"Hii haiko nyundo, mama," alisema. "Walikuuzishia kitu ya kuchezea."

Kwao alikuwa seremala. Hapa alisafisha ofisi mpaka akastaafu, kwa sababu, aliwaambia watu, Kiswidi kilimshinda.

Jumamosi tulikwenda pamoja duka la vifaa vya ujenzi. Alipitia nyundo zenye makucha moja moja, akizitikisa kusikia kama kichwa kinacheza, akipitisha ukucha kwenye ufa wa makucha kuona kama utanasa msumari mwembamba. Ile ya chuma kitupu aliirudisha upesi. "Iko nguvu, lakini kishindo yote itarudi mu mukono." Akanipa yenye mpini wa mti, nzito, akasema ndiyo hiyo.

Niliipunga mara tano. Kifundo cha mkono kikaanza kuwaka. Kwa miaka mingi nimesafisha ndege kwenye uwanja wa Arlanda, na maumivu hayo sikuwahi kumwambia mtu. Kazini nilihofia kupunguziwa zamu.

"Papa, hii siiwezi. Mkono wangu ni mgonjwa."

"Utazoea."

"Sitazoea. Na nitakayeitumia ni mimi."

Nilidhani amekasirika. Lakini alinyoosha mkono wake wa kulia. Vidole viwili vya mwisho havikukunjika.

"Tangu vita," alisema. "Haikuwa Kiswidi ilinizuia useremala."

Nikamwambia pole. Aliitikia kwa kichwa, akageukia rafu, akaanza kutafuta upya. Safari hii alinipa nyundo nyepesi zaidi, yenye mpini wa faiba uliovikwa mpira na kiuno chembamba kinachoenea kiganjani.

"Shika huku mwisho. Usiikabe. Acha kichwa ifanye kazi."

Niliipunga mara kumi, muuzaji akitutazama. Mkono ulikaa kimya. Papa hakuupenda ule mpira, alisema utachubuka kabla ya miaka mitano, lakini kichwa kilikuwa kimeshika vizuri na makucha yalikuwa makali. Nikainunua.

Sakafu ilituchukua wikendi tatu. Mimi niligonga, yeye alipima, akanikosoa, na kuninyoosha kiwiko kila nilipochoka. Jumapili ya mwisho aliniomba nyundo. Aliishika kwa vidole vitatu na kiganja, akapigilia misumari minne, taratibu, yote ikaingia wima. Wa tano ulipinda. Aliung'oa kwa makucha, akaunyoosha juu ya jiwe, akaurudishia palepale.

Sakafu imeinama kidogo upande wa mlango, tuligundua tulipoingiza viazi vikabingirika kuelekea huko. Papa anasema kosa ni la ardhi.