Jina la Kunong'onwa Sikioni

Mwezi uliopita vijana wa parokia walinijia na barua. Mchekeshaji mmoja amefanya mzaha juu ya mapadri na masista, wao wamekasirika, wanataka wakubwa wa serikali wamkomeshe, na mimi mzee wa kanisa niweke sahihi. Nilikataa. Wakaniuliza kama sina wivu kwa ajili ya imani yangu. Wivu! Hawa watoto hawanijui. Mimi wivu umenila tangu ujana, na mara moja niliuvika kanzu ya kanisa nikaupeleka ofisi ya serikali.

Papa yangu, yaani baba, alikuwa katekista pale Mangobo, hapa hapa Kisangani. Miaka ile ya chama kimoja serikali ilikuwa imekataza majina ya watakatifu. Mtoto aitwe jina la mababu tu, na padri akibatiza kwa jina la kizungu angeweza kulala gerezani. Papa alitafuta njia yake. Siku ya ubatizo jina la babu lilitajwa kwa sauti, kanisa zima likasikia. Halafu, kabla mama hajarudi na mtoto kwenye benchi, papa alitazama mlango, akatazama dirisha, akatazama mlango tena, kisha akainama na kumnong'oneza mtoto jina la mtakatifu sikioni. Wakristo wote tulijua. Hakuna aliyelisema nje.

Kwetu alikaa kijana mmoja wa Ubundu, rika langu. Papa alimpokea alipokuja mjini kutafuta kazi bandarini, akamfundisha kusoma, akamfundisha katekisimu, akamsimamia ubatizo. Alimwita mutoto yangu. Mimi, wa kumzaa, aliniita kwa kunituma: leta maji, funga mlango. Yule akisema neno moja wakati wa chakula, papa anacheka mpaka anarudisha sahanini tonge la lituma, zile ndizi za kupondwa. Mimi nikisema, ananiuliza kama nimemaliza masomo. Roho iliniuma, sitaficha. Hata kipande cha samaki alichowekewa nilikipima kwa macho, nione kama kinazidi changu.

Kijana huyo alikuwa na kipaji cha kuigiza watu. Akaingia kundi la michezo la mtaa, lililocheza Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka majani na kuzibua mifereji. Watu walikuwa wamechoka, panga bado mkononi, wanataka kucheka tu. Jumamosi moja akatokea mbele yao na koti refu, amebeba mtoto wa matambara. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama kushoto tena, akainama sikioni mwa tambara. Alikuwa papa. Kikohozi cha papa, shingo ya papa, hata ile namna ya kujifuta jasho kwa mkono wa shati kabla ya kusema jambo zito. Tambara likatikisa kichwa, limelikataa jina. Akalinong'oneza la pili, likakataa. Kwa la tatu, tambara likampiga kofi. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na nusu yao niliwajua kwa kukutana nao kwenye misa.

Mimi sikucheka. Nilijiambia wanadharau sakramenti, na hilo lilikuwa na ukweli wake. Lakini kilichonichoma ni kwamba yule alimjua papa kiasi kile. Miaka ishirini nililala nyumba moja na mzee, na sikuwahi kuona kwamba anajifuta jasho kwa mkono wa shati.

Jioni nikamkuta papa uani.

"Papa, mutoto yako amekuchekelea mbele ya watu. Amechekelea ubatizo."

"Nimesikia," akasema. "Kumbe ninakohoaka vile?"

"Papa, ile iko zambi."

"Bon. Kama iko zambi, nitamuambia mimi. Ni mutoto yangu. Weye acha."

Ni mutoto yangu! Hapo ndipo nilipoacha kusikia. Usiniambie habari ya kusamehe saba mara sabini, niliijua kwa moyo, papa mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

Jumatatu nikaenda kwa mkuu wa chama wa mtaa wetu. Alikuwa mtu wa makamo ndani ya abakosti, lile koti lisilovaliwa tai, na beji ya Rais kifuani. Nikamwita citoyen, yaani mwananchi, kama tulivyolazimishwa kuitana, nikamwambia kuna mchezaji anatukana dini, mumuondoe kwenye kundi. Jumamosi ile hakuwepo, basi akaniomba nimweleze mchezo ulivyokuwa. Nikamweleza wote, na chumvi nikatia. Aliandika bila haraka. Kisha akauliza:

"Na huyu mutu wanamuchekelea, mwenye kunong'ona majina ya Wazungu kwa masikio ya watoto, ni nani?"

Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nikajibu haraka, kifua mbele: "Ni papa yangu." Nilitaka ajue kwamba nina haki ya kukasirika kuliko wote, kwamba mzee yule ni wangu. Neno lilikuwa limeshatoka ndipo nikaelewa nimesema nini.

Alhamisi papa akaitwa. Yule wa Ubundu akaitwa, na mimi nikaitwa kama shahidi. Tukasimama watatu mbele ya meza. Mkuu akamuuliza papa kama ni kweli, anawapa watoto majina yaliyokatazwa. Papa hakuwa mtu wa uongo. Alijifuta jasho kwa mkono wa shati, nikajua anakwenda kusema ndiyo.

Yule wa Ubundu akamtangulia kusema.

"Citoyen, ule mchezo nilitunga mimi. Huyu muzee hanong'onaka kitu. Nilitafuta cha kuchekesha watu, nikakitoa kwa kichwa yangu. Ukipenda nitakuonyesha."

Mkuu hakukataa. Yule akachukua faili ya mezani, akaipakata, akaanza. Safari hii katekista alikuwa kiziwi na alimnong'oneza mtoto bei ya samaki. Mkuu alijikaza, akashindwa, akavua miwani na kupangusa macho. Akasema mchezo usirudiwe. Kisha akanitazama mimi.

"Na weye ulisema ni papa yako."

Nikasema nilikosea, ilikuwa hasira. Akatufukuza wote.

Nje papa alimwambia yule, "Umesema uongo. Utaenda kuungama." Yule akajibu, "Ndiyo, papa," nao wakaanza kucheka wote wawili, kicheko cha watu waliopona. Mimi papa alinigeukia, akasema, "Weye ulisema kweli."

Wakatangulia wameshikana mikono. Mimi nilifuata nyuma mpaka nyumbani. Mungu anisamehe, njia nzima sikujuta kumpeleka papa pale. Nilitamani tu kwamba uongo ule ningeusema mimi.