Sauti Aliyoifunga Aulis

Aulis Hartonen alizaliwa haoni, na tangu nimfahamu hapa Tampere, Finland, sijamsikia akililalamikia jambo hilo. Alilalamikia mengine: kahawa nyepesi, timu yake ya hoki, na watu wavivu wasiozoa theluji mlangoni. Kabla ya kustaafu alikuwa opereta wa simu katika kiwanda cha karatasi. Mkurugenzi akiinua tu simu, kabla hajatamka neno, Aulis alishajua kama siku hiyo ni ya heri au ya makelele. Kisha mashine zikaja, kiti chake kikaondolewa, naye akarudi nyumbani na masikio yale yale, hayana kazi.

Akayapa kazi nyingine. Alijifunza kompyuta, tena si hizi za kubonyeza picha. Alichagua mfumo wa Linux, wa watu wenye vichwa vigumu kama yeye na mimi. Ukitaka programu unaiagiza kwa maandishi, nayo inaletwa kutoka ghala la mtandaoni ikiwa kifurushi, pamoja na vifurushi vingine inavyovitegemea. Kompyuta ilimsomea kila kitu. Sauti yenyewe ilikuwa mbaya kupita kiasi, sauti ya bati tupu, tena ilikimbia mpaka mgeni haambulii hata neno. Aulis aliielewa yote. Akimenya viazi ilimsomea magazeti. Akinywa kahawa ilimsomea barua za Tuuli, binti yake wa pekee aliyeolewa Norway. Mke hakuwa naye. Aliondoka zamani na mwanamume mwingine, na Aulis husema angalau mkewe alifunga mlango kwa kishindo, ikajulikana kwamba ameondoka.

Mimi naitwa Marjut. Nilikuwa mpishi wa shule, sasa nimestaafu, na Jumamosi asubuhi nafungua chumba cha pamoja cha jengo letu, chini kule karibu na sauna, ili wenye kompyuta zinazosumbua waje tuhangaike pamoja. Jyri husaidia. Yeye ni mtu wa kompyuta wa mshahara, ana ndevu zilizoanza kuwa na mvi, na mdomo wake hauna breki. Mikate yangu ya iliki ndiyo inayomleta, hata akikataa.

Basi Jumamosi moja ya Novemba Aulis akaingia, viatu vimelowa, kompyuta kwapani, na mkononi kifaa kipya chembamba. Kilikuwa ubao wa nukta nundu. Ukiuunganisha na kompyuta, vijipini vidogo vinainuka na kushuka chini ya vidole, na asiyeona anasoma kwa kugusa. Ofisi ya vifaa vya wasioona ilikuwa imemwazima kwa majaribio.

"Ubao huu ukikataa kufanya kazi na mashine yangu, Jumatatu naurudisha," alisema. "Kuna foleni ya watu wanaousubiri."

"Na wewe, hicho cha nini?" Jyri akamwuliza. "Si una lile bati lako linalopayuka?"

"Nataka tu."

Hapa kwetu mtu akisema anataka tu, anaachwa. Nikamimina kahawa, Aulis akaketi, akaandika agizo lake la kuleta programu ya ule ubao. Bati likaropoka kwa kasi. Akaandika tena. Likaropoka vile vile.

"Limesemaje?" nikauliza.

"Limesema programu haiwezi kuwekwa, kwa sababu inategemea kitu ambacho hakitawekwa. Nimejaribu nyumbani mpaka nimechoka."

Tukaanza. Jyri akamwambia aisasishe orodha ya ghala, huenda ni ya zamani. Akaisasisha, ikakataa. Tukafuta vifurushi vilivyopakuliwa nusunusu, ikakataa. Jyri akabadilisha ghala, akachukua la Uswidi, akasema Waswidi hawana haraka lakini mizigo yao hufika mizima. Ikakataa. Hapo Jyri akajinyoosha.

"Mzee, tufute kila kitu tuanze upya. Saa moja tu, kazi imekwisha."

"Hufuti kitu chochote humu."

"Nakuhifadhia barua zako zote."

"Nimesema hufuti!"

Alipiga meza kwa kiganja, kahawa ikamwagika. Sijawahi kumwona hivyo. Jyri akachukua kitambaa, akaanza kuipangusa meza.

Mimi hilo la kufuta kila kitu silipendi hata kidogo. Jikoni sufuria moja ikiungua hubomoi jiko. Nikaivuta kibodi kwangu, nikaiuliza kompyuta swali ambalo watu husahau kuliuliza: je, kuna kifurushi chochote kilichofungwa kisibadilishwe? Maana unaweza kukifunga kifurushi, ukaiambia mashine isikiguse hiki kamwe, na itatii mpaka siku ya kiama.

Kilikuwepo kimoja. Ilikuwa ile sauti.

Mambo yakawa wazi. Programu ya ubao wa nukta nundu ilitaka toleo jipya la kifurushi fulani cha msingi. Sauti ya bati ilitaka lile la zamani. Hayawezi kukaa yote mawili, sawa na wapangaji wawili waliopewa ufunguo wa chumba kimoja. Na kwa kuwa sauti ilikuwa imefungwa, mashine haikuthubutu kumtoa mpangaji wa zamani.

"Nani ameifunga?" nikauliza.

"Sijui. Labda ni lile sasisho la mwaka jana."

Jyri akacheka. "Kifurushi hakijifungi chenyewe, Aulis. Mtu ameketi, ameandika agizo, amebonyeza."

"Basi nimeifunga mimi! Mnanipeleka mahakamani? Sauti mpya siipendi. Inaongea kama bibi wa Helsinki anayeuza manukato."

"Utaizoea. Tunaifungua, tunaiondoa ya zamani, ubao wako unafanya kazi, tunakula mikate."

Aulis akainuka. Alianza kupapasa, akaichomoa waya kompyuta, akatafuta koti lake. Nikashikwa na hasira. Mtu anakuja na shida, unamtafutia kiini chake, halafu anavaa koti! Nilikuwa nimesimama nyuma yake, upande wa kushoto.

"Aulis, kaa chini," nikamwambia.

Akaendelea kufunga vifungo.

"Aulis. Nakusemesha."

Kimya. Na hakikuwa kimya cha mtu aliyenuna. Aliyenuna shingo yake hukaza. Shingo ya Aulis ilikuwa imetulia kabisa, maana kwake yeye hapakuwa na mtu aliyesema neno. Nikamtazama Jyri, Jyri akanitazama, na nikaona naye ameelewa.

Nikazunguka, nikamshika mkono, nikasogea karibu na sikio la kulia.

"Tangu lini husikii?"

Nilidhani atanifokea. Akaketi na koti lake, kama abiria aliyechelewa treni.

"La kushoto lilianza msimu wa baridi uliopita," akasema. "Sasa la kulia linafuata. Daktari amesema halitarudi."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nyote mna shida zenu. Nilikuwa namudu."

Namudu! Neno hilo lingekuwa mtu, ningelifukuza Finland nzima kwa fimbo. Tunazaliwa nalo, tunazeeka nalo, mtu anaanguka ngazi nzima anasema anamudu, na majirani wanamwamkia kwa adabu na kupita. Nami nilikuwa mmoja wao. Redio yake tuliisikia ikinguruma hadi ghorofa ya juu tukasema Aulis ana wazimu wa hoki.

Akatueleza taratibu. Ile sauti mpya ni laini, na kwake ni kama mtu anayenong'ona ndani ya blanketi. Bati, kwa vile lina makali, bado lilipenya. Ndiyo maana alilifunga. Lakini hata bati sasa lilikuwa linampotea, maneno yanamfikia nusu. Akaona afadhali ajifunze upya nukta nundu, alizosoma shuleni utotoni na kuziacha tangu apate mashine inayosema. Ndipo hivyo viwili vikakataana.

"Nikiiondoa sauti, na vidole vyangu vikashindwa," akasema, "nitakuwa nimekaa mle ndani sioni, sisikii, sisomi. Tuuli ataandika, barua itakuwa pale mbele yangu, nami sitaijua. Na simu siwezi kupokea. Nimeacha kupokea. Mimi, niliyekula mshahara wa simu maisha yangu yote! Najua ameshaanza kufikiri vibaya."

Jyri alikuwa akiangalia viatu vyake. "Samahani, mzee," akasema. Aulis hakumsikia. Jyri akainuka, akaja upande wa kulia, akarudia kwa sauti ya uwanjani. "Nimesema samahani!"

"Usinipigie kelele, mimi si ng'ombe," Aulis akasema, na kidogo akatabasamu. Kisha akavua koti. "Rudisha waya. Nitaandika mwenyewe."

Akaifungua ile sauti iliyofungwa. Akaagiza programu ya ubao. Safari hii mashine haikukataa, ilitoa masharti. Na kwa kuwa kila kilichoandikwa kwenye skrini lazima kisomwe, ile sauti ikaanza kusoma masharti yenyewe, kwa kasi ile ile. Nilikuwa nikifuata kwa macho. Vifurushi vifuatavyo vitawekwa, ikavitaja. Vifurushi vifuatavyo vitaondolewa, ikajitaja jina lake. Ikauliza: unataka kuendelea, ndiyo au hapana?

Aulis alikuwa ameinamisha kichwa, sikio la kulia karibu na kipaza sauti.

"Mnaisikia?" akasema. "Imejisomea hukumu yake, hata kukohoa haikukohoa."

"Ukitaka tusubiri, tusubiri," nikamwambia sikioni.

"Nikisubiri nitaikosa hata kuiaga."

Akabonyeza. Bati likaanza kusoma mstari uliofuata, likakatikia katikati ya neno.

Mistari ikapita kwenye skrini, naye hakuwa na njia ya kujua. "Inasemaje?" aliuliza. Nikamsomea kwa kelele, kila mstari, huku jasho likinitoka kama niko sauna. Sauti imeondolewa. Kifurushi cha msingi kinafunguliwa. Programu ya ubao inapangwa. Mwishowe mashine ikatulia na ubao ukabaki bapa, haukuinua hata pini moja. Aulis aliweka vidole juu yake, akangoja. Nilitamani kulia. Jyri akaivamia kibodi, akatukana kwa Kisavo, lahaja ya bibi yake, akakuta programu imewekwa vizuri ila hakuna aliyeiamsha. Akaiamsha.

Vidole vya Aulis vikaruka kama vimeguswa na moto.

"Vipo," akasema.

Akaanza kusoma. Alisoma kwa mdomo, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza, akikosea na kurudi nyuma. Alisoma jina la kompyuta yake. Alisoma siku na mwezi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeisikia mashine ikimsomea, lakini yeye mwenyewe kusoma, ilikuwa mara ya kwanza. Alikuwa na sauti nzuri, pana, ya mtu aliyezoea kupokea wageni.

Kisha akafungua barua. Ya juu kabisa ilikuwa ya Tuuli, ya jana yake. Nikamgusa bega, nikamwuliza kama tutoke. Akatikisa kichwa.

"Ba-ba," akasoma. "Nime... nimepiga tena. Hu-ku-pokea. Kama nimekukosea, niambie. U-kimya wako u-naniumiza."

Alirudia mstari huo wa mwisho, safari hii bila kukwama. Akavuta kibodi. Sikupaswa kusoma, lakini nilikuwa nimesimama pale pale na macho ninayo. Aliandika: "Hujanikosea, mwanangu. Masikio yangu yanakufa nami nilikuficha. Usipige. Niandikie, nitasoma kwa vidole, nitachelewa kidogo." Akaipitia kwa kidole tangu mwanzo, akarekebisha herufi moja, akaituma.

Tulikunywa kahawa iliyopoa. Jyri alikula mikate bila kusema lolote. Hatukuwa tumekaa sana pale vijipini vilipoinuka tena, jina la Tuuli likatokea kwenye skrini, na Aulis akakiweka chini kikombe chake.

Vidole vilikwenda polepole kutoka kushoto hadi kulia, vikafika mwisho, vikarudi mwanzo wa barua, vikaanza tena. Zamani bati lingekwisha kuipayuka barua nzima, na sisi sote tungeijua. Aulis alikuwa amefunga midomo. Hiyo hakutusomea.