Bluzi ya Mama Mdogo Haikuimbwa Xintang

Rangi ya jinzi ikichemshwa hunuka kama mayai yaliyooza, na Xintang nzima, mji wa viwanda pembeni mwa Guangzhou, ulinuka hivyo mpaka viwanda vilipofungwa kwa Mwaka Mpya wa Kichina. Harufu ikipungua, nikiwa na miaka kumi, nilijua tamasha limefika. Mama ndiye aliyelianzisha, ingawa siku hizi hawamtaji. Alikuwa mwanakwaya wa Njombe aliyekuja kununua jinzi. Kontena lake lilipozuiwa bandarini, aliketi juu ya marobota kwenye ua wa karakana ya ushonaji akaimba uchungu wake, na mpakiaji mmoja Mkongo, Papaa Ilunga, akamfuata kwa gitaa. Washonaji walizima cherehani wasikilize. Mwaka uliofuata watu walirudi uani bila kualikwa, wakauita uimbaji huo bluzi, kama ule muziki wa majonzi wa Wamarekani weusi. Sheria ilikuwa moja: unaimba lililokuumiza mwaka ule, na huliimbi kwanza nyumbani, kwa kuwa bluzi iliyoonjwa nyumbani huchacha. Kila ubeti ukiisha, ua mzima ulijibu "meiyou!", neno la wauza duka wanapokwambia hakuna, na watu wakacheka huku machozi yanawatoka.

Mwaka ninaousimulia, mama mdogo Tumaini, aliyenilea kabla sijaletwa China, alifariki Njombe. Pasipoti ya Mama ilikuwa ofisi ya uhamiaji ikisubiri kibali cha kuishi, hakwenda kuzika. Alitunga wimbo, akaufungia kifuani miezi minane. Nilimbembeleza aniimbie kidogo tu wakati akisonga ugali. "Subiri uani, mwanangu. Huko ndiko tutamlilia."

Siku ilipofika tulikuta jukwaa, spika kubwa na mwenyekiti mpya wa kamati ya tamasha, mfanyabiashara mwenzetu, aliyekuwa amealika wenye viwanda, malaoban kama tulivyowaita. Mama aliposhika maikrofoni, mwenyekiti alimsogelea. "Mama Neema, hiyo ya msiba weka pembeni. Malaoban wamekuja leo, wanataka kucheza. Tupe ya furaha." Wasemao mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwepo siku ile. Nilitamani kumng'ata mkono. Lakini mwanakwaya hufundishwa kumtii anayesimamia. "Sawa, mwenyekiti," Mama akasema, akaimba ya harusi, akatabasamu, mabosi wakapiga picha. Nusu ya hasira yangu ilikuwa ya mwenyekiti. Nusu ilikuwa ya Mama, na nilikataa kushika mkono wake njia nzima.

Leo nafanya biashara Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini Guangzhou, na tamasha liko ukumbi wa hoteli, kwa tiketi; kijitabu chake kinasema lilianzishwa na kamati. Muziki wao ni mzuri, nimeusikia, na hauumi popote. Wananiambia yaliyopita si ndwele. Kwangu ni ndwele. Mwaka jana nilimpigia Mama, aliyekwisharudi Njombe, nikamwomba aniimbie ule wimbo, uchache usichache. Nilimsikia akiutafuta. Alipata jina la mdogo wake, basi. "Umeniponyoka, Neema." Mimi mtu mzima, mama wa watoto wawili, na mpaka leo sijamlilia mama mdogo.