Ukurasa wa Tisa Nilioutundika Bila Kuubadilisha

Mkono wa kulia wa Papa Riziki, ule uliosagwa na mashine ya kuponda mawe kule Muganza, niliukata mimi. Kwa miezi minne watu walisema ni ukaidi wake mwenyewe. Uongo! Ni mimi, na leo natapika yote. Mkitaka kunilaani, nilaanini.

Jina langu sitaji, wala la kampuni. Inatosha mjue kwamba mimi ni fundi kompyuta, Mnyarwanda niliyezaliwa na kusomea Bukavu, Kongo, nikarudi huku Rwanda, wilaya ya Rusizi, na mke wangu na begi moja. Papa Riziki tulirudi naye mwaka mmoja. Tulipanga nyumba jirani pale Kamembe, tukaajiriwa kazi moja, yeye kwenye mawe, mimi kwenye skrini. Watoto wake waliniita baba mdogo. Ubaya wangu ni hasira. Tangu utotoni mkono wangu hutangulia mdomo, na wengi nimewapiga kabla sijawasikiliza.

Ngoja nieleze ile mashine kwanza. Inaendeshwa na kompyuta, na kompyuta ina mfumo unaozisimamia programu zote. Kila programu ina sehemu yake ya kumbukumbu. Ikigusa sehemu isiyo yake, mfumo unaikamata papo hapo. Hilo ndilo kosa la kumbukumbu, na kwetu lilitokea mara kwa mara, maana kompyuta ilikuwa imezeeka na vumbi la mawe limeijaa.

Zamani mfumo ukikamata kosa hilo ulizima kila kitu. Skrini inakuwa nyeusi, mkanda unasimama, taya za mashine zinasimama, na hakuna kinachosogea mpaka mimi niende nibonyeze kitufe cha kijani. Watu wa mawe walilipenda kosa hilo! Kukata umeme kwa kawaida kulitaka ushuke hadi ofisini, shefu, yaani mkuu wa kazi, aweke sahihi, kisha kuwasha tena ni karibu saa nzima. Kwa hiyo jiwe likikwama, walisubiri kompyuta ikosee. Ikikosea tu, mtu anapiga kelele, "Imekufa!", na mwingine anaingia kwenye taya na mtaimbo kulitoa jiwe.

Na hilo liliandikwa. Niliandika mimi. Kitabu cha maelekezo kilikuwa kazi yangu, na ukurasa wa tisa, unaohusu kosa la kumbukumbu, uliwekwa kwenye plastiki na kutundikwa ukutani karibu na mdomo wa mashine. Mstari wa tatu ulisema: "Skrini ikiwa nyeusi, ni salama kuingia kutoa mawe. Hakuna haja ya kukata umeme." Chini yake kuna jina langu na sahihi yangu.

Kisha akaja mhandisi kutoka Kigali kuweka mfumo mpya. Huu mpya hauzimi kila kitu. Unaiua ile programu iliyokosea peke yake, unaiwasha upya, nayo ikiamka inaendelea na kazi pale ilipoachia. Skrini inakuwa nyeusi kama zamani, lakini ni kwa sekunde chache tu. Halafu taya zinaanza kutafuna!

Mhandisi aliniachia kurasa kumi na moja za maelezo kwa Kifaransa, akaniambia nirekebishe kitabu chote kabla ya Jumatatu. Akanikazia macho aliposema "ukurasa wa tisa kwanza". Nikaitika.

Unajua nilifanya nini? Nilianza na kurasa nyepesi. Ijumaa mchana nikachoka, na ile sehemu ya makosa ya kumbukumbu ilikuwa ngumu, ina maneno mengi ya kutafsiri. Nikabadilisha jalada. Nikabadilisha tarehe juu ya kila ukurasa, na wa tisa pia. Nikachapa, nikaupeleka Kamembe kuwekwa plastiki, Jumamosi nikautundika. Nilijiambia Jumatatu nitaurekebisha kimyakimya.

Kumbe kuna mtu mmoja aliyekuwa anasoma! Papa Riziki hakusoma sana shuleni, lakini kila karatasi alikuwa anaipitia na kidole cha shahada, neno kwa neno, midomo ikitembea. Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya ule ukurasa mpaka wenzake wakaanza kumcheka. Kisha akaniita mbele ya wote.

"Ndugu yangu, huku juu umetia tarehe ya mupya, lakini huku ndani njo yale yale ya zamani. Ule muntu wa Kigali alisema mashini itakuwa inajiwasha yenyewe. Sasa tufate nani?"

Damu ikanipanda kichwani. Wanaume kama kumi wananitazama. Swali lilikuwa zuri, la heshima, na jibu lake nilikuwa nalo! Lakini nilichosikia ni kwamba mtu wa mawe ananivua nguo mbele za watu.

"Weye wa mutaimbo unanifundisha kazi yangu?"

"Hapana, minauliza tu. Njo siye tunaingia mule ndani."

Nikampiga. Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni, akagonga ukuta. Ya pili ikamkuta hapo hapo ukutani, juu ya ule ukurasa. Jino likatoka. Alipoanguka nikampiga teke la mbavu, na la pili, mpaka wakanivuta nyuma wawili. Damu yake ilirukia kwenye plastiki ikaingia pembeni, pale ilipokuwa haijashikana vizuri, ikalowesha karatasi.

Alisimama, akaokota jino lake, akaliweka mfukoni. Akasema, "Sawa, tutafata hii yako." Akaenda kazini.

Hapo ndipo ningeweza kujiokoa! Kurekebisha mistari minne tu! Lakini fikirini: nikiubadilisha ukurasa, si nimekubali kwamba nilimpiga bure? Jumanne nikapita mbele ya ule ukurasa nikaangalia pembeni. Jumatano vilevile. Kiburi, ndugu zangu! Niliuacha ukae ukutani na damu ya Papa Riziki juu yake, ili nisionekane mjinga.

Alhamisi, jua likiwa utosini, jiwe kubwa likakwama. Mimi niko kwenye kabini yangu, kioo kinatazama mdomo wa mashine. Skrini ikawa nyeusi. Nikasikia, "Imekufa!" Nikainua macho nikamwona Papa Riziki anapanda na mtaimbo, anauangalia ule ukurasa, kisha anapitisha kichwa na bega ndani.

Kwenye skrini yangu ukatokea mstari mmoja mweupe ukisema programu inawashwa upya.

Nilipiga kelele! Nilipiga kioo kwa ngumi mpaka kikavunjika, nikaita jina lake, nikakumbuka kitufe chekundu cha dharura pale kabini nikakibamiza. Nilichelewa. Taya zilikuwa zimefunga mara mbili. Mara ya kwanza zilishika mtaimbo ukapinda, mara ya pili zikashika mkono juu ya kiwiko. Sauti ya mfupa niliisikia nikiwa kule kabini, juu ya kelele zote. Hakulia kama mtu. Alinguruma.

Tulimtoa kwa kufungua bolti za taya kwa mikono, na kila bolti ilipogeuka alizimia na kuamka. Damu ilichanganyika na vumbi ikawa tope jeupe lenye wekundu, tunateleza juu yake. Mkono ulibaki umeshikwa na ngozi na kipande cha shati. Tulimlaza kwenye lori la kokoto, nikakaa naye nimeibana kamba begani kwake, barabara yote hadi hospitali. Njiani alifungua macho mara moja.

"Karatasi ilisema ni salama," akaniambia.

Nikaikaza kamba. Hospitali walimaliza kuukata.

Sasa sikilizeni dhambi iliyo kubwa kuliko zote. Jioni ile ile, jua halijazama, nilirudi Muganza kwa pikipiki. Watu wote wametawanyika. Nikauchomoa ule ukurasa. Nikakaa kwenye kompyuta, na kwa dakika ishirini, dakika ishirini tu, nikaandika yale niliyotakiwa kuandika: "Skrini ikiwa nyeusi, usiingie. Mashine itajiwasha yenyewe. Kata umeme kwanza." Nikaweka tarehe ya nyuma. Bahasha ya plastiki nilikuwa nayo, nikautia humo, nikautundika kwenye msumari ule ule. Wa zamani nikaenda nao nyumbani, nikauficha chini kabisa ya begi nililotoka nalo Bukavu. Kuuchoma nilishindwa, sijui kwa nini.

Wiki tatu baadaye shefu aliitisha kikao. Papa Riziki alikuja na mkewe, shati limekunjwa na kupigiwa pini mahali pa mkono. Shefu akamsomea ukurasa wa ukutani kwa sauti.

"Maelekezo yanasema usiingie. Juu ya nini uliingia?"

"Hapana, shefu. Miye nilisoma na kidole hii, ilisema ni salama kuingia." Na akainua bega la kulia, kama mtu anayeonyesha kidole ambacho hakipo tena.

Wenzake wakaulizwa. Ngumi zangu za Jumatatu walizikumbuka, lakini maneno ya karatasi hakuna aliyekuwa na uhakika nayo, maana hakuna mwingine aliyekuwa anasoma. Nikaulizwa mimi. Nikasema, "Ukurasa ni huo huo tangu Jumamosi ile." Niliyasema hayo nikimtazama Papa Riziki usoni!

 Akamgeukia mkewe, akasema polepole, "Pengine kweli, Maman. Pengine ile maumivu imenivuruga kichwa." Wakamwandikia barua ya kufukuzwa kwa ukaidi, akaitia kidole gumba cha kushoto.

Tangu siku hiyo akaanza kuharibika. Alikuwa anakaa mlangoni na magazeti ya zamani, anasoma mstari mmoja, kisha anamwita binti yake Riziki ausome ili ajue kama amesoma sawasawa. Jirani walisema amerukwa na akili. Watoto wa mtaa wakaanza kumcheka. Nami nilikuwa napita pale kila siku nikimsalimia, na mke wake ananikaribisha chakula. Nilikula!

Siku moja, Jumapili baada ya misa, nilimkuta ameshika kitabu cha nyimbo. Akaniuliza, "Ndugu yangu, hapa kumeandikwa nini? Miye siamini tena macho yangu." Kitu kikakatika ndani yangu. Nikaenda nyumbani, nikapasua begi, nikarudi na ukurasa.

Nilipiga magoti kwenye sebule yao nikasema yote. Maman Riziki alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Aliingia na mchi.

"Mushenzi weye! Ulikuya kukula bugali yangu, na hii karatasi iko kwako? Batoto banacheka baba yao mu njia, kumbe ni weye!"

Mchi wa kwanza ulinivunja mtulinga. Wa pili ulinipata sikioni, na sikio hilo halisikii mpaka leo. Sikuinua mkono. Angeniua pale, na ningekuwa nimestahili, kama mumewe asingesema, "Wacha, Maman. Muache kwanza nisome."

Akaiweka karatasi kwenye goti. Kidole cha shahada cha kushoto hakijazoea kazi hiyo. Akapita neno kwa neno mpaka mstari wa tatu, akafika penye doa kavu la kahawia.

"Hii ni damu ya jino langu," akasema. "Na hapa kumeandikwa salama kuingia. Nilisoma muzuri, Maman! Kichwa yangu haikuharibika!" Akaanza kulia, mke wake akamshika, na mimi damu inanitoka sikioni hakuna aliyenitazama.

Kesho yake niliupeleka ukurasa kwa mkaguzi wa kazi, bega limefungwa. Shauri linaendelea. Kazi sina. Mke wangu amevuka mpaka wa Rusizi ya pili kurudi kwa wazazi wake Bukavu, na simlaumu. Papa Riziki aliomba nakala ya ukurasa, ameitundika sebuleni mahali palipokuwa na kalenda. Mgeni akiingia, anaambiwa asome mstari wa tatu kwa sauti, kisha asome jina lililo chini. Salamu yangu haitikii.

Wewe unayeandika maelekezo ya mashine, ya dawa, ya umeme, ya chochote, usibadilishe tarehe kabla hujabadilisha maneno! Kuna mtu ataingiza mwili wake mahali ulipoandika ni salama. Na huyo mtu akija kukuuliza, hata mbele za watu, hata kama umechoka, mjibu. Papa Riziki aliniuliza swali moja tu kabla hajaingia, nami nilimng'oa jino.