Gari la Baba Limepauka

Mwaka 1971, nikiwa na miaka minane, baba alifia shambani Idete na darasa la pili likaishia hapo. Nikawa wa kuamia ndege, kuwafukuza kwenye mpunga wa watu, ujira wangu sahani ya ugali. Baadaye nikaja Ifakara kubeba magunia kwenye mashine za kukoboa. Sijasoma, na simwombi mtu radhi. Nilichopata nimekipata kwa mgongo huu.

Mgongo huu ndio ulionunua pikapu. Ilikuja imeshatumika, ikanifia barabarani mara nyingi na kila mara nikaifufua. Imebeba mpunga, mbolea, wagonjwa, maiti za majirani. Binti yangu, mtoto wa mwisho, alikwenda nayo shule ya bweni, amekaa mbele, sanduku lake la bati nyuma juu ya magunia. Siku ile nilijiambia, hata kanisani siku ya ndoa nitampeleka kwa gari hili hili.

Mwaka jana akapata mchumba. Kaka yake, mwanangu mkubwa, mtu wa ofisini Morogoro, akaja kupanga harusi. Akalizunguka gari, mikono nyuma, kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Mzee, hili halifai kubeba bibi harusi."

"Injini ina nini?"

"Sijasema injini. Tazama bampa, tazama madigadi. Plastiki zote zimepauka kama miguu ya mtu aliyeishiwa mafuta ya kupaka."

Kweli zilikuwa zimepauka. Jua la bonde hili linaila plastiki nyeusi mpaka inakuwa rangi ya majivu.

"Zikirudi nyeusi, atapanda?"

Akacheka. "Zikirudi nyeusi, Mzee, nitaliendesha mimi mwenyewe."

Nikalipeleka kwa vijana wanaoosha magari. Dawa yao ni ile ya mji mzima: dizeli na oili chafu, tambara, basi. Zikang'aa. Nikarudi kwa barabara ya mashine za mpunga kama kila siku, upepo wa kiangazi unapeperusha pumba. Nafika nyumbani, bampa zima limevaa pumba. Mwanangu alikuwa barazani na dada yake.

"Mzee, limeota manyoya. Bado kutaga tu."

Akacheka, na binti naye akacheka. Mimi nikachukua ndoo.

Nilisugua kwa sabuni ya unga na brashi mpaka maji yakatoka safi. Nikaliacha likauke kivulini, maana plastiki ya moto haipokei kitu. Kwenye duka la spea nikanunua dawa yenyewe ya plastiki, nikapaka kidogo kwa sponji, nikangoja, nikafuta iliyozidi kwa kitambaa kikavu. Hapo ndipo mji mzima unapokosea. Watu wanataka ing'ae, wanaiacha na mafuta, na mafuta ndiyo yanayokamata vumbi. Kesho yake nikarudia. Kisha nikajenga banda la bati ili jua lisiiguse tena. Weusi ukarudi, weusi mkavu. Ukipitisha kidole hakichafuki.

Nikamwita mwanangu. Akapitisha kidole kwenye bampa, akakitazama.

"Haya, uliahidi," nikamwambia.

"Mzee, gari lingine tumeshakodi."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijaja."

Binti alikuwa anachambua mchele pale pale. Nikamgeukia. "Mama, na wewe ulijua?"

Hakuinua uso. "Baba, sio plastiki."

"Ni nini?"

"Wakwe wanatoka Dar. Gari linanuka pumba, baba. Mpaka kiti cha mbele."

"Pumba hizo ndizo zilizokusomesha."

"Najua, baba." Akaendelea kuchambua.

Angebisha, ningekuwa na la kusema. Alikubali, nami nikarudi bandani.

Asubuhi ya harusi kaka yake akaja na sauti ya chini. "Shikamoo, Mzee. Basi, gari lako libebe masufuria ya shughuli." Nikamwambia masufuria yapande hilo la kukodi. Nikaenda kanisani peke yangu, nikaegesha pale ambapo kila mtu lazima apite. Mmoja wa wakwe, mtu wa rika langu, akashika bampa akamwambia mwenzake, "Hili gari lina mwenyewe." Mwanangu alisikia, akajifanya yuko kwenye simu.

Haikunisaidia kitu. Binti alishuka kutoka kwenye gari jeupe lenye maua, nikampokea mlangoni, nikamshika mkono hadi mbele. Kutoka mlangoni hadi mbele, hiyo ndiyo safari niliyoachiwa.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma. Nina pikapu na banda lake. Nina shamba la mpunga Mofu, na mashine moja ya kukoboa. Nina ng'ombe wanne, wanachungwa na rafiki yangu Msukuma. Nina baiskeli. Nina watoto wawili, wote wako mjini.